Kusasisha BIOS na Kupandisha Windows 10 hadi 11 Bila Kuiua Laptopu: Mwongozo Kamili

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo kosa ni lile lile: watu wanasasisha BIOS (programu ndogo ndani ya ubao inayoiwasha mashine kabla ya Windows), wanabadilisha namna mashine inavyowaka na kuanzisha Windows 11, vyote jioni moja. Mashine ikigoma, hakuna anayejua hatua ipi imeigomesha. Nyingi ya zile zinazopelekwa kwa fundi kwa madai kwamba "BIOS imeungua" hazijaungua kitu. Zimefungwa na BitLocker (mfumo wa Windows wa kuifunga diski kwa ufunguo), au mpangilio mmoja ndani ya BIOS umerudi ulivyokuwa kiwandani.

Hapa tunafanya kitu kimoja kwa wakati, na tunahakikisha kabla ya kusogea. Mifano ni ya mashine za ofisini zilizotumika, yaani Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad, ambazo ndizo zimejaa madukani Kariakoo (Dar es Salaam) na Luthuli (Nairobi). Kompyuta za mezani nazo zimo pale zinapotofautiana.

## Andaa hivi kwanza

- Diski ya nje yenye nafasi ya kutosha faili zako zote.
- Flashi ndogo ya BIOS. Ipangwe (format) kwa FAT32, kwa kuwa BIOS nyingi hazisomi mpangilio wa NTFS.
- Flashi ya GB 8 au zaidi kwa ajili ya Windows 11.
- Chaja halisi ya mashine hiyo. Dell isipoitambua chaja hutoa onyo inapowaka, na mara nyingi hukataa kusasisha BIOS.
- UPS (betri ya akiba ya umeme) kwa kompyuta ya mezani, au kwa laptopu ambayo betri yake imechoka.
- Bando la GB 10. Faili la Windows 11 peke yake linazidi GB 5, na masasisho hufuata baadaye.
- Simu ya kupigia picha, karatasi na kalamu.
- Muda wa saa nne usio na haraka. Usianze usiku wakati mashine inahitajika kazini kesho asubuhi.

Angalia pia salio la Luku au tokeni. Ni jambo dogo, lakini umeme kuisha katikati ya kuandika BIOS hauna tofauti na umeme kukatika.

## Hatua ya 1: Hakikisha mashine inakubalika

Bonyeza Windows+R, andika `msinfo32`, kisha uingie. Nakili kwenye karatasi mistari hii: "System Model", "Processor", "BIOS Version/Date", "BIOS Mode" na "Secure Boot State". Halafu fungua `tpm.msc` uangalie "Specification Version". Inatakiwa kuwa 2.0.

Windows 11 inahitaji RAM ya GB 4, diski ya GB 64, UEFI (namna mpya ya BIOS kuwasha mashine; ya zamani huitwa Legacy) yenye Secure Boot (ukaguzi unaozuia programu isiyoaminika kuwaka kabla ya Windows), TPM 2.0 (chipu inayotunza funguo za usalama) na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8. Soma namba inayofuata kistari: i5-7300U ni kizazi cha 7, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10.

Usiamini jina la modeli peke yake. EliteBook 840 G5 na Latitude 7490 zilitoka zikiwa na prosesa za kizazi cha 7 na cha 8. Mbili zinazofanana kwa kila kitu zinaweza kukaa kwenye meza moja, moja ikakubali Windows 11 na nyingine ikakataa.

Prosesa ikiwa nje ya orodha, BIOS mpya haitaiingiza. Zipo njia za kuilazimisha Windows 11, lakini Microsoft haizihudumii mashine hizo, na toleo kubwa linalofuata linaweza kugoma. Kwenye mashine ya kazi ni afadhali kujisajili katika huduma ya nyongeza ya Windows 10, ambayo kwa watumiaji binafsi inafika 13 Oktoba 2026, huku ukipanga kubadilisha mashine.

## Hatua ya 2: Amua kama BIOS yenyewe inahitaji kuguswa

Kuwepo kwa toleo jipya si sababu ya kutosha. Soma maelezo ya toleo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Sababu za kweli ni hizi: TPM au Secure Boot haifanyi kazi sawasawa, kuna tundu la usalama lililozibwa, au mtengenezaji anasema toleo hilo linahitajika kwa Windows 11.

Sababu nyingine mbili zimeongezeka karibuni. Prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na hitilafu ya volti iliyozichakaza taratibu, na marekebisho yake huja ndani ya BIOS. Pia vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011 vinaanza kuisha muda Juni 2026. Vyeti vipya huletwa na Windows Update, ila baadhi ya mashine huhitaji BIOS mpya ndipo zivipokee.

Kama TPM 2.0 ipo, Secure Boot ipo na maelezo hayataji lolote linalokuhusu, fanya Hatua ya 3 na ya 4 kisha ruka hadi ya 6.

## Hatua ya 3: Toa faili zako na ufunguo wa BitLocker

Nakili faili zako kwenye diski ya nje, kisha chomoa diski hiyo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine na ufungue faili tano au sita za aina tofauti. Nakala ambayo haijafunguliwa popote bado ni matumaini tu.

Sasa BitLocker, ambayo ndiyo chanzo cha vilio vingi. Diski iliyofungwa na BitLocker huitegemea TPM kuachia ufunguo, na TPM huuachia pale tu inapoikuta BIOS ni ile ile iliyoizoea. Ukibadilisha BIOS, inahesabu kwamba mashine imechezewa, na unawashiwa skrini ya buluu inayodai tarakimu 48. Usipokuwa nazo, faili zimekwenda. Hakuna fundi wa kuzifungua, na anayedai anaweza anataka pesa yako.

Usiseme "sijawahi kuweka BitLocker." Hata Windows ya Home huwasha ufungaji huu yenyewe kwenye mashine nyingi mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Fungua cmd (dirisha la amri) kama msimamizi ("Run as administrator"), andika:

`manage-bde -status C:`

Mstari wa "Conversion Status" ukisema "Fully Decrypted", huna haja ya kuendelea na sehemu hii. Ukisema "Fully Encrypted" au "Used Space Only Encrypted", andika:

`manage-bde -protectors -get C:`

Chini ya "Numerical Password" utaona tarakimu 48 katika mafungu 8 ya sita sita. Ziandike kwa mkono na uzipige picha. Usizihifadhi kwenye diski hiyo hiyo iliyofungwa. Kwa laptopu iliyotumika hatua hii ina uzito wa pekee, maana ufunguo unaweza kuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye mashine wa kwanza, ambaye hutampata.

Kisha simamisha ulinzi kwa muda:

`manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`

Sifuri hapo ina maana ulinzi utabaki umesimama, hata mashine ikijiwasha upya mara kadhaa, mpaka uurudishe mwenyewe. Ukirudia `manage-bde -status C:` unapaswa kuona "Protection Off".

## Hatua ya 4: Piga picha mipangilio ya BIOS, pima betri na diski

Zima mashine, iwashe na uingie BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Piga picha kila ukurasa. Ukurasa unaoitwa "SATA Operation" au "Storage" ndio muhimu kupita zote, kwa sababu BIOS mpya ikirudisha mipangilio ya kiwandani, diski iliyokuwa kwenye AHCI inaweza kujikuta kwenye RAID (hizi ni namna mbili tofauti za BIOS kuongea na diski), na Windows haitaiona.

BIOS ikiomba nenosiri usilolijua, simama hapo. Mashine nyingi zilizotoka ofisini hubaki na nenosiri la kampuni, na kusasisha hakuliondoi. Rudi kwa aliyekuuzia.

Betri: ndani ya cmd andika `powercfg /batteryreport` na ufungue faili litakalotengenezwa. Linganisha "Design Capacity" na "Full Charge Capacity". Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, hesabu kwamba huna betri, na utumie UPS. Kwa Dell ipo swichi ya `/forceit` inayoruka ukaguzi wa betri, na wapo mafundi wanaoitumia kama chumvi. Ukaguzi ule umewekwa kwa sababu. Uache ufanye kazi.

Diski: CrystalDiskInfo (programu ya kupimia afya ya diski) ikionyesha rangi ya njano kwenye safu ya 05 au C5, badilisha diski kabla ya jambo lolote. Kupandisha mfumo huandika gigabaiti nyingi kwa mkupuo, na diski iliyokuwa inajikongoja hukata roho hapo hapo. Na kama bado una diski ya kuzunguka, ihamishie Windows kwenye SSD kwanza. Windows 11 juu ya diski ya kuzunguka ni mateso.

## Hatua ya 5: Sasisha BIOS

1. Pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji peke yake. Tafuta kwa namba ya mashine: Service Tag kwa Dell, Product Number kwa HP. Kwa kompyuta ya mezani tafuta modeli ya ubao pamoja na toleo lake lililochapishwa juu ya ubao, kwa mfano rev 1.0 au rev 1.1. Faili la rev nyingine ni faili la mashine nyingine.

2. Soma kama kuna toleo la kupitia kwanza. Mashine iliyoachwa miaka mitano huenda ikatakiwa kupanda ngazi mbili badala ya kuruka. Kumbuka pia kwamba baadhi ya matoleo hayaruhusu kurudi nyuma.

3. Kama mtengenezaji ameweka namba ya SHA-256 (alama inayothibitisha kwamba faili ni zima), ilinganishe: `certutil -hashfile jina.exe SHA256`. Bando likikatika katikati, faili linaweza kuonekana zima kumbe limepungua.

4. Weka faili kwenye flashi ya FAT32. Chomoa vifaa vingine vyote: printa, diski za nje, kebo za skrini. Chaji betri hadi ipite nusu, na uache chaja imechomekwa.

5. Sasisha ukiwa nje ya Windows. Kwa Dell bonyeza F12 wakati wa kuwasha, chagua "BIOS Flash Update" na uonyeshe faili. HP na bodi nyingi za mezani zina njia ya namna hiyo ndani ya menyu zao. Unaweza kuendesha faili ndani ya Windows pia, lakini hapo antivirasi, usingizi wa mashine au Windows yenyewe kukwama huongeza njia za kuharibika.

6. Baada ya kuanza, usiguse. Skrini inaweza kuwa nyeusi, feni ikapiga kelele, mashine ikajizima na kuwaka mara mbili au tatu. Hayo ni ya kawaida. Kazi huchukua dakika 3 hadi 10, ila usihukumu kwamba imekwama kabla ya dakika 30 kupita. BIOS nyingi zilizoharibika ziliharibiwa na kidole kilichobonyeza kitufe cha kuzima dakika ya sita.

Bodi za AMD zinaweza kuuliza kama uifute fTPM (TPM iliyo ndani ya prosesa), kwa herufi Y au N. Ukiwa na ufunguo wa BitLocker mkononi, Y haina shida. Usipokuwa nao, bonyeza N.

Umefaulu ukiona hivi: `msinfo32` inaonyesha toleo jipya, saa na tarehe ni sahihi, na mipangilio ya BIOS inafanana na picha zako. Windows ikikataa PIN baada ya hapo, ingia kwa nenosiri na uitengeneze PIN upya. Itumie mashine siku moja nzima kabla ya kwenda hatua inayofuata, ili hitilafu ya BIOS ijitokeze peke yake.

Angalizo moja: Windows Update nayo huleta BIOS, ikiwa na neno "Firmware" kwenye jina. Kwa hiyo ile "restart" unayoidhania ni ya kawaida inaweza kuwa inaandika BIOS. Usiizime kwa nguvu.

## Hatua ya 6: Toka Legacy, ingia UEFI

"BIOS Mode" ikisema UEFI, nenda uwashe "Secure Boot" ndani ya BIOS kisha uruke hadi Hatua ya 7. Ikisema Legacy, diski lazima ibadilishwe mpangilio kwanza. Ukiwasha UEFI kabla ya kuibadilisha, utapata "No bootable device".

Kwenye cmd ya msimamizi:

`mbr2gpt /validate /allowFullOS`

Ukaguzi ukipita utaona "Validation completed successfully". Ukikataa, sababu ya kawaida ni diski kuwa na sehemu kuu zaidi ya tatu, au sehemu ya D: iliyotengenezwa ndani ya sehemu nyingine. Hamisha data ya D:, ifute, jaribu tena. Kisha:

`mbr2gpt /convert /allowFullOS`

Washa upya, ingia BIOS moja kwa moja, badilisha Legacy kuwa UEFI. Windows ikiwaka vizuri, rudi BIOS uwashe "Secure Boot" na TPM, ambayo huandikwa "PTT" kwa baadhi ya mashine za Intel na "fTPM" kwa AMD.

## Hatua ya 7: Pandisha Windows

Acha angalau GB 30 wazi kwenye C:. Ondoa antivirasi isiyo ya Microsoft na VPN, kwa kuwa draiva zao ndizo hurudisha nyuma kazi ikiwa imefika asilimia 70 na ushee.

Pakua faili la ISO (faili moja lenye kila kitu cha kusakinishia Windows) kutoka Microsoft. Njia hii inapita ile ya Windows Update kwa sababu faili moja linahudumia mashine kumi za ofisi bila kula bando mara kumi. Kabla ya kupakua angalia lugha iliyomo:

`dism /online /get-intl`

Ukiona "en-GB" kwenye "Default system UI language", chagua English International. Ukiona "en-US", chagua English United States. Laptopu zilizotoka Uingereza huja na en-GB, na ukiipa ISO ya Marekani chaguo la kubakiza programu huzimika. Watu wengi hawaoni tofauti, wanabonyeza mbele, na programu zote zinaondoka.

Bonyeza ISO mara mbili ifunguke, endesha `setup.exe`. Kwenye "Change how Setup downloads updates" chagua "Not right now" ili isivute bando. Kabla ya "Install" soma skrini ya mwisho: lazima iseme "Keep personal files and apps". Isiposema hivyo, funga.

Je, kufuta kila kitu na kuanza upya si bora? Mara nyingi ndiyo, mashine huwa nyepesi. Lakini kwa laptopu iliyotoka kampuni kubwa, ujue kwamba inaweza bado kuwa imesajiliwa kwenye mfumo wa usimamizi wa kampuni hiyo. Ukisakinisha upya na kuiunganisha na intaneti, itadai barua pepe ya kazini ya kampuni usiyoifahamu. Muuzaji ndiye wa kulimaliza hilo, kwa hiyo lijaribu muda wake wa dhamana ukiwa haujaisha.

Umefaulu ukiona hivi: `winver` inaonyesha Windows 11, "Device Manager" haina alama za njano, na `slmgr /xpr` inasema mashine imewezeshwa kudumu. Rudisha ulinzi kwa `manage-bde -protectors -enable C:`.

Una siku 10 za kurudi Windows 10. Kuziongeza hadi 60, andika mapema `DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60`. Katika muda huo usiifute folda ya Windows.old, hata C: ikilalamika kwamba imejaa.

## Ikigoma

Skrini ya buluu inadai ufunguo. Andika tarakimu 48 za Hatua ya 3. Kama hukuziandika, angalia akaunti ya Microsoft, sehemu ya vifaa, ulinganishe herufi 8 za mwanzo za "Key ID". Ikiendelea kudai kila unapowasha, ingiza ufunguo, kisha simamisha ulinzi na uurudishe.

INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Karibu kila mara ni AHCI na RAID zilizobadilishana. Tazama picha zako, rudisha ilivyokuwa. Usisakinishe Windows upya kwa kosa hili.

0x80070070 au 0xC190020E. Nafasi haitoshi. Safisha C:.

0xC1900101. Draiva imekwamisha. Chomoa vifaa vya USB, sasisha draiva za skrini na za diski, ondoa antivirasi, jaribu tena.

"We couldn't update the system reserved partition." Sehemu ndogo ya kuwashia imejaa. Inahitaji MB 15 tu za wazi, na mara nyingi kilichoijaza ni mafaili ya fonti ndani ya EFI\Microsoft\Boot\Fonts.

Skrini nyeusi kabisa baada ya BIOS, taa zinamweka. Dell: chomoa chaja, shika Ctrl+Esc, chomeka chaja, achia skrini ya uokoaji ikitokea. HP: shika Windows+B, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 2 hadi 3 ukiachie, endelea kushika zile mbili hadi mlio au skrini itokee. HP itahitaji flashi ya uokoaji iliyotengenezwa na faili lile lile la BIOS kwenye kompyuta nyingine.

Uokoaji haufanyi kitu. Hapo ndipo fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu anahitajika, mara nyingi CH341A na kibanio cha miguu minane. Kabla hajaanza mwambie mambo matatu. Aisome chipu mara mbili na kuhifadhi kilichomo, hata kama kimeharibika, kwa sababu ndimo ilimo namba ya mashine na ufunguo wa Windows. Asiandike nakala ya laptopu nyingine kama ilivyo. Na asome namba ya chipu kwanza, kwa kuwa zipo za volti 1.8, na kifaa kile bila adapta yake huziunguza.